Kikapu Kilichofungwa Pajini

Kila jioni, baada ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyanunua, Mokeira alirudi shuleni kujifunza kuchora kwa kompyuta. Mwalimu Onsongo alikuwa ameweka Inkscape, programu ya bure, kwenye kompyuta moja tu. Nyingine mwalimu mkuu alizifungia stoo, zitolewe wageni wakija kupiga nazo picha!

Mamake na akina mama wenzake wa Nyamache walikuwa wamesokota na kukausha chai yao wenyewe kwa mikono, waiuze sokoni chini ya bango lao. Mokeira aliahidi kuwachorea.

Lakini kuchora kulimchosha. Weka kitone, vuta mstari, upinde. Mkono wa mtu ukatokea kama muhogo. Alikasirika, akachukua picha ya mchuma chai mtandaoni, akaibandika.

"Nimemaliza kuchora," akamwambia mamake.

Geoffrey, mchapishaji mabango, alileta sampuli ya ukubwa kamili. Mama aliikunjua. Uso wa mwanamke ulikuwa umevunjika miraba miraba. Kikapu chake kilining'inia kwa kamba iliyofungwa kwenye paji la uso.

"Aii! Huyu ni wa wapi?" Shangazi Jacinta alifoka. "Nani hapa hubeba chai kwa kichwa hivi?"

"Shangazi, ni picha tu."

"Picha tu! Babu yangu alikatazwa na wazungu kupanda chai. Tulipokubaliwa, ikauzwa kwa majina ya wengine. Leo tuna jina letu, nawe unatupa sura ya mgeni! Kwani uliichora?"

Mokeira aliinamisha kichwa. "Hapana. Nilidanganya."

"Basi kachore," Mama akasema. "Geoffrey atatungoja hadi kesho kutwa."

Kesho yake Mama alisimama kando ya kompyuta shuleni, kikapu mgongoni. Mokeira alifuta, akachora, akafuta tena.

"Picha uliyoibandika imeundwa kwa miraba midogo midogo," Mwalimu Onsongo alimweleza. "Ukiikuza, inavunjika. Mistari hii ikuze hadi ukubwa wa nyumba, haitavunjika."

Siku ya soko bango liling'aa. "Huyo si Mama Mokeira?" watu wakaulizana, wakasogea kununua.

Jacinta alimshika Mokeira bega. "Ukisema umefanya, uwe umefanya. Na tusipojichora wenyewe, watatuchora wanavyotaka. Programu ni ya bure, hatuna wa kumsingizia."

Kisha akamwona mwalimu mkuu akichagua pakiti ya chai. Akaishika pakiti hiyo.

"Mwalimu mkuu, chai utapata. Lakini stoo ile ya kompyuta utaifungua lini?"