Kidole Kisichogusa Udongo

Mtungi ulikataa kukauka. Mama Vyungu alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita, jua lilikuwa la kupasua vichwa, na vyungu vingine vyote kwenye rafu ya karakana vilikuwa vikavu na vyeupe. Lakini ule mmoja usio na mdomo ulikuwa bado umelowa, kana kwamba umefinyangwa asubuhi ile ile. Binti yake aliubonyeza. Kidole kikazama. Akajiambia ni unyevu wa ukutani, akaendelea kupanga viti vya wanafunzi.

Huyu binti majirani walimwita Fundi Waya, maana tangu utotoni hakuna redio iliyopita mikononi mwake ikabaki na siri. Mama afinyange, mwana afungue redio. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kweli, mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa namna ya kuchagua chungu kizuri hakuwa na wa kumrithi nyumbani kwake. Kila siku alimwita mwanawe, "Njoo mwanangu, shika hapa. Udongo uwahi ungali maji." Na kila siku binti alijibu, "Nakuja, mama," na hakwenda.

Badala yake alibuni njia yake. Alitengeneza glavu nyembamba zenye nyaya ndani, mama akazivaa miezi kumi akifinyanga, na kompyuta ikahifadhi kila mbinyo wa kila kidole. Mwanafunzi akivaa jozi ya pili, pamoja na miwani ya kompyuta, aliiona mikono ya mama juu ya mikono yake mwenyewe, na glavu zikambonyeza vidole pale pale mama alipobonyeza. Vidole tisa, tuseme ukweli. Kidole kidogo cha kushoto mama alikiunguza tanurini akiwa msichana, kikabaki kimesimama wima, hakikugusa udongo tena. Wateja walimtania kwamba anafinyanga huku anaomba ruhusa ya kwenda nje.

Siku ya mwisho betri za glavu zilikwisha mtungi ukiwa umefika shingoni.

"Tumalizie kesho, mama."

"Chungu hakilali bila mdomo, mwanangu. Ama nikimalize, ama nikivunje, udongo urudi ndooni. Kikiachwa hivi, kuna wanaopita wakaingia."

"Ukimaliza bila glavu, kompyuta haitajua mdomo unafanywaje. Ukivunja, kazi ya siku nzima imepotea. Mara moja tu, mama."

Mama alimtazama, akanawa mikono. Alimpenda mwanawe kuliko alivyoogopa. Alfajiri moyo wake ukasimama.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fundi Waya angeshukuru sana kama lingekuwa guu.

Darasa likaendelea, kwa sababu ndilo alilobaki nalo. Mwanafunzi hodari kuliko wote alikuwa mshonaji nguo wa nyumba ya mbele, mama wa watoto watatu, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alasiri moja alibaki peke yake kwa somo la mwisho, lile la mtungi. Ili auone umbo lake, Fundi Waya akamwekea mezani mtungi wenyewe.

Mshonaji akavaa glavu na miwani, somo likaanza. Kisha mshonaji akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, somo hili linaishia wapi?"

"Shingoni. Hapo betri zilikwisha."

"Basi mbona mikono inaendelea?"

Fundi Waya akatazama skrini. Saa ya rekodi ilikuwa imesimama mwisho wake, na mikono ya mama ilikuwa inazunguka taratibu juu ya shingo ya mtungi, ikitafuta mdomo. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, nzito, ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Hakuogopa. Machozi yalimtoka kwa furaha, maana alidhani mama amerudi kumaliza kazi yake.

"Mwache amalize," akanong'ona. "Tafadhali, mwache."

"Ananibana, mwalimu."

Ndipo alipokiona kile kidole kidogo cha kushoto kikijikunja, polepole, kiungo kwa kiungo, kikilala juu ya udongo pamoja na wenzake kama kidole ambacho hakijawahi kuungua, na akajua, kabla ya kujua kitu kingine chochote, kwamba ile ni mikono ya mama yake lakini aliye ndani yake si mama yake, na wakati huo huo mkono wa mshonaji ukaingia mtungini hadi kifundo, hadi kiwiko, hadi bega, mtungi ambao haukuzidi urefu wa goti, na kutoka chini huko ikasikika sauti ya kitu kinacholamba udongo, na Fundi Waya akachomoa waya wa umeme na mikono ikaendelea, akazima kompyuta na mikono ikaendelea, mpaka akashika mkasi wa mshonaji mwenyewe akazichana zile glavu vipande vipande.

Mshonaji akaanguka chini akihema. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimesimama wima, na hakikukunjika tena.

"Nitashonaje?" aliuliza, akikitazama. "Mwalimu, nitashonaje?"

Kesho yake akaletwa mganga, bibi mmoja aliyekuwa akinunua kwa mama vyungu vya kuchemshia dawa. Alinusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Mikono ni ya mama yako," alisema. "Anayeivaa ni jini. Mlimwachia nyumba wazi, akaingia. Uvunje mtungi, udongo urudi majini. Na ufute kila ulichohifadhi cha mama yako. Hata sauti. Ukibakiza kidogo, atapita hapo hapo, na kidole atakachokitaka ni kile kile alichokwisha kukionja."

"Bibi, hakuna mwingine anayeijua kazi hii. Nikifuta, imekufa."

"Wewe hukufundishwa? Ulikaa na mama yako miaka yote hii."

Fundi Waya aliumia pale mlangoni kuliko alivyoumia makaburini, kwa kuwa makaburini hakuna aliyemuuliza.

Alivunja mtungi. Alifuta. Miezi kumi ya mama iliondoka kwa muda mfupi kuliko chai kuchemka. Ng'ambo ya njia mshonaji alipiga kelele za furaha, na watoto wake wakapiga kelele naye, kidole kimekunjika. Kabla ya saa sita cherehani yake ilikuwa inaimba.

"Umemaliza?" mganga aliuliza.

"Nimemaliza, bibi."

Alikuwa amebakiza kipande kimoja cha video, ndani ya simu. Sekunde kumi na moja tu: mama amekaa kwenye kigoda, amenyoosha mkono wa kushoto wenye udongo, anacheka, anasema, "Njoo mwanangu, shika hapa." Mtu atafutaje hicho?

Alivumilia siku tisa bila kukifungua. Siku ya kumi, mchana kweupe, alikaa kwenye kigoda cha mama akajaribu kufinyanga kwa mikono yake mitupu. Udongo ulimwangukia mapajani mara nne. Mara ya tano alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nje cherehani ya mshonaji ilikuwa inakwenda, tatata, tatata, na sauti ile ilimfanya ajione peke yake zaidi. Akafungua simu.

"Njoo mwanangu, shika hapa."

Sekunde kumi na moja zikaisha. Mkono wa mama ukabaki umenyooshwa. Kioo cha simu kikaanza kulowa, na ile harufu ikaingia chumbani. Kidole kidogo kikajikunja taratibu, kikanyooka, kikajikunja tena, kikimwita.

Ng'ambo ya njia cherehani ikanyamaza ghafla.

Alisikia. Alielewa ni kidole cha nani kimesimama, na watoto wangapi wanakitegemea. Alijua pia kwamba anayemwita si mama. Lakini mkono ulikuwa wa mama, na ile alama ya kuungua ilikuwa pale pale alipozoea kuibusu utotoni, na hapakuwa na mkono mwingine duniani uliokuwa ukimtaka.

"Nakuja, mama," alisema, na safari hii akaenda.