Bonde Ambalo Hawakulitaja

Jiwe lilimponyoka Orrin chini ya kiatu, akaenda nalo. Mdogo wake Lyle, aliyekuwa ametangulia na paja la kulungu mgongoni, alisikia kishindo na mawe yakiporomoka. Alipogeuka, kaka yake alikuwa amelala chini ya genge, mguu wa kulia umejikunja mahali ambapo mguu hauna kiungo. Na theluji ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuanguka.

Mzigo ndio uliomwangusha. Huko Wyoming nyama ya mawindo haiachwi mlimani. Sheria inakataza, na aibu inakataza zaidi. Mawingu walikuwa wameyaona tangu asubuhi, lakini dume keshapigwa risasi, keshachunwa, na kibali cha kuwinda pale hutolewa kwa bahati nasibu. Safari hii walikuwa wamekingojea miaka mingi. Nani angeacha?

Wala si watu wa kukurupuka hawa. Safari waliipanga majira yote ya baridi, jikoni kwa Orrin, kila kitu kikipita kwenye mizani ya unga. Walikata mipini ya miswaki ili begi lipungue uzito. Hema waliliacha, wakachukua turubai, maana kila ratili unayopanda nayo ni ratili ya nyama utakayoshindwa kushuka nayo. Hata chumvi waliipima. Jambo moja tu walilipanga kwa uongo, nalo ni mahali.

Verna, mke wa Orrin, aliuliza wanakwenda bonde lipi, ili wasiporudi ajue pa kuwatafuta. Orrin akamwambia Kijito Baridi. Ukweli, walikuwa wanakwenda Birika, ng'ambo ya kilele. Si kwamba hakumwamini mkewe. Aliyemwogopa ni kaka yake Verna, Clete, mwindaji mwenzao, na Verna hakuwa na siri mbele ya kaka yake. Nimeishi na wawindaji hawa, nawajua. Mtu atakuazima gari, atakulisha, hata figo atakutolea, lakini ukimuuliza anakowinda atakudanganya huku anakutazama machoni. Na kwao hiyo si dhambi.

Lyle alikata matawi ya msonobari, akaunyoosha mguu na kuufunga kwa mikanda ya begi. Orrin alipiga yowe moja, akazirai. Lyle akamburuta hadi chini ya mwamba, akafunga turubai, akawasha moto. Nyama walikuwa nayo tele, na maji waliyeyusha theluji kwenye kikombe. Lakini theluji ilianguka usiku kucha na mchana kutwa, ikaendelea, na paja likavimba hadi suruali ikabidi ipasuliwe. Vidole vya mguu vikaanza kuwa vyeusi. Lyle alivisugua, akavipulizia pumzi, akavitia kwapani mwake. Havikurudi.

Siku waliyotarajiwa nyumbani ikapita. Kisha mbingu zikafunguka, wakasikia helikopta. Lyle alitoka mbio akipunga koti lake la rangi ya chungwa. Iko mbali, ng'ambo kabisa, inazungukazunguka kama nzi dirishani. Haikuvuka kilele.

Orrin alikuwa anaisikiliza. Akacheka, kicheko kibaya.

"Wanatutafuta kwa bidii," alisema. "Kule tulikowaambia."

Lyle aliongeza kijiti motoni.

"Shuka, mdogo wangu. Fuata maji mpaka barabarani. Mimi nina nyama, nina kuni."

"Kuni zenyewe hizi, kaka?"

"Basi usikawie. Na ukifika, Clete usimwambie..." Akaishia hapo. Mpaka leo Lyle hajui kama ule ulikuwa mzaha.

Alishuka theluji ikiwa kiunoni. Alitumbukia kijitoni, suruali ikaganda ikawa ngumu kama ubao, akaendelea. Alijilaza chini ya mti bila kusinzia, akihofia kwamba akifumba macho hataamka. Kesho yake mchana akatokea barabarani. Gari la kwanza lilimpeleka kwenye kambi ya waokoaji, na mtu wa kwanza kumkimbilia alikuwa Clete. Midomo imempasuka, anachechemea, vidole vya miguu vimeungua kwa baridi. Tangu wapotee alikuwa akizunguka Kijito Baridi akiita majina yao. Alimkumbatia Lyle hadi mbavu zikauma.

"Orrin yuko wapi?"

Ulimi ukamgoma Lyle. Mungu wangu, hata hapo! Kaka anakufa, na ulimi bado unasita.

"Birika," akasema mwishowe.

Clete akamwachia.

"Birika baba alinipeleka nikiwa mtoto," alisema. "Mlipoanza kwenda ninyi nikawaachia. Nimejua siku zote, shemeji. Siku ya kwanza kabisa ya kuwatafuta nilitaka twende kule. Verna akakataa. Akasema Orrin amemwambia Kijito Baridi, na Orrin hamdanganyi."

Helikopta iliwavusha kilele upesi, kahawa ya Lyle haijapoa mkononi. Orrin alikuwa ameegemea mwamba, moto umezimika. Clete alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya koti la Orrin.

"Hapumui," alisema. "Kwapa bado lina joto."

Lyle alilia kwa sauti, na Clete akalia pia. Kisha Clete akajipangusa uso kwa theluji.

"Dada yangu utamwambia wewe, mimi sitaweza. Na akikuuliza amefia wapi, mtajie."

Verna aliuliza hilo kwanza, mlangoni, kabla ya jingine lolote. Lyle akamtajia.

Siku hizi hawindi tena. Ukikaa naye baa atakuchorea njia ya Birika mezani kwa kidole, mwamba kwa mwamba, hata kama hukumuuliza.