Sentimita Nane za Maji

Kila asubuhi, kabla ya kuonja anjera, chapati laini ya Kisomali aliyopika mama yake, Mulki alichukua simu kuukuu iliyokaa dirishani na kunakili namba kwenye daftari. Wasichana wenzake wa Gredi ya Saba wakati huo walikuwa wakitafuta soksi. Mulki alikuwa akihesabu maji.

Namba hizo zilitoka shuleni, upande wa pili wa ua wa miiba. Juu ya tangi jeusi la shule, ndani ya kopo la plastiki, Mulki alikuwa amefunga kihisi alichokiunda kwa mikono yake. Kilipiga mlio mwembamba usiosikika kwa sikio la mtu, kikasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji, kisha kikakisia maji yako umbali gani. Kila saa kilituma jibu kwenye ile simu bila waya wowote. Mwalimu Mkuu alimruhusu akiweke kwa sababu lori la maji lilikuja mara moja tu kwa wiki, na mara mbili shule ilishtukia tangi tupu wakati maharagwe yameshainjikwa motoni.

Vipuri alivipata kwa Ahmednoor, fundi wa simu mjini Garissa. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kibanda cha Ahmednoor kilijaa watu wanaopenda kuchokora nyaya. Mmoja alileta kengele ya zizi inayolia mbuzi akitoroka. Mwingine alileta kipimajoto cha kulinda sanduku la chanjo za mifugo. Walionyeshana kazi zao, wakataniana, wakafundishana. Mulki alikuwa mdogo kuliko wote, nao walimpigia makofi hata alipowasha taa moja tu. Makofi hayo yalimuudhi. Alitaka siku moja washangae kweli kweli.

Wiki ya pili akaona jambo. Saa tisa alasiri, bomba la tangi lilipofungwa kwa kufuli, simu ilionyesha kiasi fulani cha maji. Asubuhi, kabla kufuli halijafunguliwa, maji yalikuwa yamepungua kwa sentimita nane. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu pia. Akapiga hesabu ya upana wa tangi, akapata karibu mitungi kumi na mitano ya lita ishirini.

Akamwonyesha Awil, mwanafunzi mwenzake anayeketi naye dawati moja.

"Ufunguo wa kufuli uko kwa nani?" Awil akauliza.

"Kwa Mama Abdub peke yake."

"Na Abdub anafanya kazi gani?"

Mama Abdub alikuwa mpishi wa shule, Mborana aliyehamia mjini kutoka upande wa Wajir, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso yake. Abdub, mwanawe, aliuza maji mtaani kwa mkokoteni wa punda.

"Mitungi kumi na mitano ni mzigo wa mkokoteni mmoja," Awil akasema polepole. "Wallahi, Mulki, umemshika mwizi."

Tangu siku hiyo macho ya Mulki hayakutulia. Kutoka dirisha la darasa alimchungulia Mama Abdub akiosha sufuria, akafungua ukurasa mpya na kuandika. Jumatatu: amecheka na dereva wa lori la maji. Jumanne: mwanawe amekuja kumchukua, chini ya mkokoteni pametota. Jumatano: amepanda ngazi ya tangi na kuchungulia ndani, anatafuta nini? Mkokoteni wa muuza maji utakosaje kutota? Lakini mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi cha mwenziwe huwa ushahidi. Hata siku lori lilipojaza tangi na usiku wake maji yakapungua kidogo tu, Awil alikuwa na maelezo.

"Mjanja huyo. Anajua leo watu wanaangalia."

Kulikuwa na kasoro moja, na Mulki aliiona vizuri. Jumamosi na Jumapili, wakati shule imefungwa na hakuna mtu hata wa kunawa, namba za simu zilipanda mchana. Maji yaliongezeka yenyewe, kisha usiku yakashuka. Mulki aliziangalia namba hizo kwa muda mrefu. Ziliharibu mchoro wake mzuri. Angewaambia nini watu wa Jumamosi, kwamba tangi linajijaza lenyewe? Wangemcheka. Akakunja kurasa zile mbili, akazichomeka nyuma ya jalada la daftari.

Jumamosi iliyofuata alibandika mchoro wake ukutani kwa Ahmednoor. Safari hii hawakumpigia makofi. Kila mmoja alisogea karibu zaidi kuutazama ule mstari ulioshuka kila usiku, na Mulki akaona raha ambayo hakuwahi kuiona.

Ahmednoor alivua miwani. "Abaayo, dada mdogo, mbona Jumamosi na Jumapili hazipo?"

"Betri iliisha, adeer," Mulki akajibu kama kwa ami yake, bila kupepesa macho.

Mzazi mmoja aliyekuwa pale akauliza ufunguo uko kwa nani, akajibiwa, akaupiga mchoro picha. Kufikia magharibi, picha ilikuwa imefika kwenye grupu ya wazazi, na jina la Mama Abdub chini yake. Wengine walisema tusiharakishe. Mmoja akaandika, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," na watu kumi na wanane wakamuunga mkono.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu alimwita Mama Abdub mbele ya jiko. Mama yule alifungua pindo la leso yake taratibu, akatoa ufunguo aliouchunga miaka saba, akauweka kwenye kiganja cha mwalimu. Hakulia. Kamati ya shule ingekaa Jumatano saa nane mchana kuamua kama ataendelea na kazi. Mchana ule Abdub alipokuja, bawabu alimwambia asubiri nje ya lango, na wanafunzi wakampigia miluzi. Mulki hakupiga mluzi. Alikuwa ameshinda, lakini sahani yake ya maharagwe alimsogezea Awil.

Mwalimu Mkuu alinunua kufuli jipya. Jioni hiyo alilifunga mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. Jumanne asubuhi Mulki akachukua simu dirishani.

Maji yalikuwa yamepungua sentimita nane.

"Ana ufunguo wa pili," Awil akasema.

"Wa kufuli lililonunuliwa jana?"

Awil akafikiri. "Basi ametoboa tangi."

Wakalizunguka tangi lote. Chini palikuwa na vumbi kavu, na nyayo za kuku. Awil akaanza kusema jambo jingine, lakini Mulki hakumsikiliza tena. Kama mwizi hana ufunguo na tangi halina tundu, maji yalikuwa yanakwenda wapi?

Wakati wa mapumziko alikwenda jikoni. Mama Abdub alikuwa akichambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Mama, naomba kukuuliza."

"Leo ndio unauliza?"

Mama Abdub akajifuta mikono, akainuka, akatoa nyuma ya gunia kamba nyeusi yenye mafundo mengi, kila moja upana wa kiganja kutoka kwa jingine, na jiwe mwishoni.

"Hii kamba ya kisima ya baba yangu. Kila nikifunga bomba, napanda ngazi, natumbukiza. Kila nikifungua asubuhi, natumbukiza tena. Kama maji imeshuka fundo moja, mimi najua mtu amekuja. Miaka saba, usiku maji haijashuka."

"Mbona hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza? Walikuja na picha kwa simu. Kamba ya mpishi itashindana na simu?" Akamtupia Mulki ile kamba kifuani. "Chukua. Pima wewe mwenyewe. Mimi nikipima, utasema nimeiba hata fundo."

Saa tisa alasiri, Mwalimu Mkuu akimwangalia kutoka chini, Mulki alipanda ngazi na kuteremsha kamba hadi jiwe likagusa chini ya tangi. Maji yaliishia fundo la tano. Jumatano alfajiri alipanda tena. Fundo la tano. Akatazama simu mkononi, nayo ikasema maji yamepungua sentimita nane. Mulki alikaa pale juu ya ngazi, kamba mbichi mapajani, akaona aibu hadi masikio yakamuwaka.

Saa ya chakula cha mchana alikimbia hadi kwa Ahmednoor. Alizichomoa kurasa zile mbili nyuma ya jalada, akazikunjua mbele yake.

Fundi alizisoma, kidole kikifuata namba. "Jumapili saa nane mchana maji yamepanda. Nani aliyamimina?"

"Hakuna mtu."

"Betri yako haikuisha."

"Hapana, adeer. Nilisema uongo."

Ahmednoor akamweleza. "Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto. Tangi lenu ni jeusi na liko juani, hewa iliyomo ndani mchana huwa kama ya tanuri. Mwangwi unarudi mapema, kihisi kinafikiri maji yako karibu, kinakwambia ni mengi kuliko yalivyo. Alfajiri hewa imepoa, kinasema kweli. Lori likijaza tangi, mwangwi una safari fupi, na kosa nalo linakuwa dogo. Zile sentimita nane hazikuibwa. Hazikuwahi kuwemo."

Mulki akajifunika uso.

"Kifaa kukosea si aibu," Ahmednoor akaendelea. "Hapa kwangu vimekosea vingi, na kukosea ndiko kumetufundisha. Ungenionyesha kurasa hizi Jumamosi, ningekwambia papo hapo, tungecheka, tungetengeneza. Wewe uliona ukweli haukufai, ukauficha. Hilo si kosa la kihisi."

"Nifanye nini sasa?"

"Kamati inakaa saa ngapi?"

Ilikuwa imebaki robo saa. Mulki alikimbia njia nzima, na alipoingia ofisini jasho lilikuwa limelowesha mtandio wake. Wanakamati sita walikuwa wamekaa kwenye viti, na Mama Abdub amesimama karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Hakuna aliyemwambia akae.

"Mwalimu, naomba nizungumze." Akatoa zile kurasa mbili. "Betri haikuisha. Nilidanganya. Hakuna maji yaliyoibwa."

Akaziweka kurasa mezani, akaeleza habari ya joto, ya mwangwi, ya fundo la tano. Alipomaliza, mwanakamati mmoja aliyekuwa na mengi ya kusema dakika chache zilizopita alianza kuangalia dari. Mwalimu Mkuu alithibitisha kwamba yeye mwenyewe aliona kamba ikipimwa. Kisha akasimama, akampa Mama Abdub kiti chake.

Alhamisi asubuhi, mbele ya gwaride la shule nzima, Mwalimu Mkuu alimrudishia ufunguo wa kufuli jipya na kumwomba radhi. "Hata mimi nilipaswa kupima kabla ya kukunyang'anya," akasema. Mulki naye alisimama pale pale, akaomba msamaha kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Jioni mchoro mpya, wenye siku zote saba, ulitumwa kwenye grupu ya wazazi. Wengi waliandika maneno ya kuomba radhi. Yule wa "lisemwalo lipo" alituma kidole gumba tu.

Ijumaa, baada ya masomo, Mulki alirudi jikoni. Alijitolea kuosha sufuria. Mama Abdub alimwacha aoshe tatu kubwa kabla ya kusema lolote.

"Wiki nzima ulinichungulia kwa dirisha," akasema hatimaye. "Kutoka darasa lako mpaka hapa ni hatua ishirini. Hata siku moja hukuja kuniuliza."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe, kwa ajili ya Mungu. Lakini sikiliza. Jana sokoni, mwanamke mmoja amemuuliza Abdub kama mama yake ndiye ule mwizi ya maji ya shule. Huyo hana mtoto hapa. Hayuko kwa grupu yenu. Hakusikia ukiomba msamaha gwarideni. Neno ukishalitoa, linakwenda mahali hukulituma, na mwenye kulifuata ni wewe uliyelitoa. Ndio maana mtu anauliza kwanza, anapima kwanza, halafu anasema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama." Mulki akajipangusa mikono kwenye sketi. "Huyo mwanamke anauza wapi?"

"Anauza maziwa ya ngamia. Safu ya pili, karibu na wauza miraa. Anaitwa Qali."

Jua lilikuwa bado kali, na soko la alasiri limejaa watu. Mulki alichukua daftari lake, akahakikisha kurasa zote zimo, akatoka kwenda kumtafuta Qali.