Mtoto Ambaye Adero Hakumbeba

Ephantus alikuwa anashusha magunia ya viazi kutoka kwao Dundori, soko la Nakuru likiwa limejaa kelele, msichana mwenye gauni la njano na raba nyeupe alipokalia gunia lake bila ruhusa.

"Boss, nipumzike kidogo. Goti limegoma."

"Kalia tu. Lakini viazi vikipondeka vikawa mukimo, utavinunua."

"Mukimo napenda. Mpishi ndiye sijapata."

Hivyo ndivyo watu wazima wenye akili timamu huangamia. Haukupita muda, msichana yule, Adero, mwalimu wa shule ya msingi, akawa anaitwa babe mchana kutwa, na Ephantus, bahili wa maneno tangu utotoni, akawa anauliza "umekula?" kwa sauti ambayo hata punda wake wa kubebea viazi hajawahi kuisikia.

Goti lilizidi kuuma. Akiulizwa, Adero alisema ni baridi.

Kisha Wangeci, dada yake Ephantus, akajifungua. Jumamosi jioni Adero alikuja kumwona mtoto kama alivyoahidi, akasimama mlangoni kama mdai. Mama yake Ephantus akamnyooshea mtoto.

"Shika mtoto wako."

Adero akarudi nyuma. "Leo hapana, mum. Nisamehe."

Katika nyumba ile, anayekataa chai husamehewa. Anayekataa mtoto, bado hajapatikana wa kumtetea.

"Mtoto wetu ni mchafu?" Ephantus aliuliza walipofika nje.

"Sivyo, babe. Siwezi kukwambia leo."

"Basi hata kesho usiniambie."

Ephantus aliacha kushika simu za Adero. Viazi viliuzwa, mvua ikanyesha, dunia haikujali. Hatimaye, akiwa sokoni, akaishika moja.

"Usinikatize," Adero alisema. "Ile Jumamosi asubuhi nilikuwa Nairobi. Kuna mashine inapiga picha za PET na MRI kwa pamoja. Wanakudunga sukari yenye mionzi, inakusanyika pale mfupa una shida, na sumaku inachora goti lote. Wakaniambia siku hiyo nisimkaribie mtoto mchanga."

"Si ungesema."

"Walikuwa wanatafuta kansa, Ephantus. Ningeanzia wapi, mbele ya mamako?"

Ephantus aliweka gunia chini. "Wameipata?"

"Sijui. Niko hapa kliniki ya mjini kuchukua majibu, naogopa kuingia."

Ephantus aliwaachia majirani viazi vyake na kupanda boda boda. Alimkuta kwenye benchi, akamshika mkono, wakaingia pamoja.

Daktari aligeuza skrini. Pale palipong'aa ni kiungo kilichovimba ndani, alisema. Si kansa. Kitatibiwa, ila huenda kikasumbua miaka mingi, na milima asiipande mara kwa mara.

Dundori, kama ijulikanavyo, ni milima mitupu. Ephantus alifikiri kwa uzito wa jaji.

"Basi tutapanga nyumba hapa mjini."

"Sisi nani?" Adero aliuliza.

"Mimi, wewe na goti."

"Umeniuliza lini?"

"Ndiyo naanza."

Daktari akawaomba kwa heshima wachumbiane nje, foleni ilikuwa ndefu.

Kwenye korido iliyonuka dawa Adero alikubali, kisha akamwegemea kwa uzito wake wote, kwa sababu goti lilikuwa bado linauma.