Moshi wa Saa Nne

Mzee Randa alikutwa amelala kifudifudi katika ofisi ndogo ya karakana yake ya useremala, maranda yamemganda shavuni na damu imekauka kisogoni. Ngazi ilikuwa imelazwa kando yake, ili anayeingia aseme maskini, ameanguka.

"Ngazi haimpigi mtu mara mbili," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti, akionyesha majeraha mawili yaliyopandana. Kifo alikikadiria kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Inspekta aliinuka huku magoti yakimlalamikia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye subira kwa maiti na subira kidogo sana kwa walio hai. Sajini wake alikuwa ameshapata mtuhumiwa. Sajini huyu alikuwa hodari wa kupata watu. Ukimtuma akatafute mbuzi aliyepotea, atarudi na wa jirani.

Safari hii alikuwa amempata mpiga vanishi, ambaye ndiye aliyekuta maiti saa tano na kupiga kelele. Alikuwa na damu mikononi. Mwenyewe alisema aliinua kichwa cha mzee akidhani bado yu hai. Lakini wiki iliyopita kabati la vitabu lililotengenezwa na karakana hiyo lilianguka shuleni na kumuua mtoto wa darasa la pili, na lawama ya kutolifunga ukutani ikamwangukia yeye. Juzi, watu wote wa uani walimsikia akibishana na mzee kuhusu jambo hilo.

Kilichommaliza kabisa mpiga vanishi ni moshi. Mzee Randa alikuwa na sigara ya umeme, na kila siku saa nne kamili aliketi nyuma ya kioo cha ukungu cha ofisi yake, kisichoonyesha sura ya mtu, na kupuliza moshi kupitia kidirisha cha juu. Majirani walijulia saa kwa moshi ule. Siku hiyo nao waliuona. Dakika tano baadaye mwanawe wa pekee, aliyekuwa naye ndani tangu asubuhi, alitoka akaagana na baba yake kwa sauti mlangoni, akaondoka na gari la kupelekea samani. Hivyo saa nne mzee alikuwa hai, na baada ya hapo alibaki na mpiga vanishi peke yake.

Mkuu wa kituo alitaka mashtaka ya mauaji yaandikwe kesho yake kabla ya jioni. Mke wa mpiga vanishi alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi tangu mumewe alipokamatwa, mjamzito wa miezi minane, hataki kurudi nyumbani. Inspekta alipita mbele yake mara nne, na kila mara alijisikia vibaya zaidi.

Sigara ya umeme ilikutwa kwenye mfuko wa aproni ya marehemu. Sajini, badala ya kuitia kwenye bahasha ya vielelezo, aliibonyeza. Taa nyekundu ikapepesa na skrini ikaandika: betri dhaifu. Inspekta alimkaripia mpaka masikio yakamwiva, na Sajini, katika kujikomboa, akaichaji usiku kucha. Akakaripiwa upya. Ila kosa hilo la pili ndilo lililomfungua Inspekta macho, maana asubuhi kifaa kilionyesha kimejaa, na kilipobonyezwa kikatoa moshi mara tatu, kisha kikapepesa tena: betri dhaifu.

Kimejaa, na bado kinalia njaa. Inspekta hakupenda kitu kinachosema mambo mawili.

Alirudi uani kwa mshonaji, ambaye cherehani yake inatazamana na ile ofisi.

"Moshi wa jana ulikuwaje, shangazi?"

"Mdogo, afande. Mara mbili tatu, basi. Kwa kawaida anapuliza mpaka unasema nyumba inaungua. Nikajisemea, leo mzee ana haraka."

"Na mpiga vanishi alikuwa wapi wakati huo?"

"Si hapo mbele yangu? Anapiga msasa milango tangu saa mbili. Saa nne na robo ndipo mimi nikaingia kupiga pasi, sikumwona tena."

Kutoka hapo Inspekta alikwenda kwa fundi wa vifaa vya umeme wa mtaa wa pili, mwanamke waliyemwita Mama Mita kwa kuwa hakuamini neno la mtu mpaka alipime. Inspekta alimwuliza kwa nini kifaa kilichojaa chaji kinalalamikia betri. Mama Mita alieleza kwamba watu wengi hukimbilia kuchaji, kumbe onyo hilo laweza kutoka kwenye uchafu sehemu betri zinapogusana, au kwenye koili, ule waya unaopasha moto, au kwenye betri isiyohimili kuvutwa umeme mwingi kwa mpigo. Akapanguza na kupima. Kugusana ni kuzuri, koili nzima. Akatoa betri mbili, akazigeuza mwangani.

"Hizi si zangu," alisema.

"Una maana gani?"

"Mimi betri za kifaa kinachotumia mbili nauza kama mume na mke. Zinaanza pamoja na zinakufa pamoja, na naziandikia tarehe kwa wino. Hizi hazina tarehe. Hizi ni za tochi ya kuchaji, afande. Umbo lilelile, nguvu hakuna. Moshi mara tatu, zinazimia."

"Labda mzee alizitia mwenyewe."

"Atie za nini? Juzi jioni alikuja hapa. Moja ilikuwa imechanika ganda, ingemlipukia mfukoni. Nikazitoa zote mbili, nikamrudishia kifaa kitupu. Tukapatana aje jana mchana achukue mpya. Hizo hapo bado zinamngoja."

Inspekta aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Moshi wa saa nne haukuwa wa Mzee Randa; mtu mwingine aliupuliza ili mzee aonekane bado yu hai. Aliuliza kama mzee alisema lolote jingine, na jibu alilopewa aliliandika neno kwa neno, akalisoma mara mbili.

Mchana huo tochi iliyokuwa ndani ya gari la samani aliloondoka nalo mwana ilifunguliwa. Ilikuwa tupu. Nje ya sigara ya umeme pamefutwa kwa kitambaa, lakini kwenye betri zote mbili mtaalamu wa alama za vidole alipata dole gumba moja, la mwana.

Mwana aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa na macho mekundu, na Inspekta hakuwa na shaka kwamba kilio chake kilikuwa cha kweli. Alimweleza haki yake ya kunyamaza, kisha akaweka betri mezani.

"Za nani?"

"Sijui."

"Dole gumba lako linajua."

Mwana alishusha mikono yake chini ya meza.

"Ulikuta kifaa kitupu," Inspekta alisema. "Watu wanangoja moshi, na wewe huna moshi. Ukakumbuka tochi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwana ilikuwa imeishia pale mezani.

"Kabati ni kazi yangu," alisema hatimaye. "Nilikuwa na haraka, sikulifunga ukutani. Nikasema ni mpiga vanishi. Baba alikwenda shuleni mwenyewe akatazama, akauliza nani alilipeleka, akajua. Jana asubuhi akaniambia, mchana tunakwenda kusema ukweli. Nikaona jela. Nilimwomba. Akageuka kuchukua koti."

"Ukampiga na nini?"

"Nyundo ya mbao. Niliichoma kwenye jiko la gundi."

"Na ulipoaga mlangoni, ulikuwa unamuaga nani?"

Inspekta alifungua daftari lake. Angeweza kuliacha lifunguliwe mahakamani, lakini alikuwa amemfikiria yule mwanamke wa benchini siku mbili nzima, na hasira ilikuwa imemjaa.

"Baba yako alimwambia fundi hivi: 'Kesho nakwenda shuleni na mwanangu. Nitasema aliyeacha kulifunga kabati ni mimi. Mimi ni mzee, jela nitaiweza. Yeye nataka asimame tu kando yangu asikie, aache kumsingizia mtu.'"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mzee Randa hakupewa hata nafasi ya kulia.

"Hakuniambia hivyo," mwana alisema.

"Ulimpa muda?"

Nje, Sajini alikuwa akimfungulia mpiga vanishi mlango wa mahabusu, na mkewe alikuwa akijaribu kuinuka benchini bila kusaidiwa. Inspekta alisukuma karatasi ya maelezo mezani, akamwekea kalamu. Mwana aliishika, akaanza kuandika kuhusu kabati.