Nilimfukuza Birame Siku Tatu Kabla ya Tabaski, Kisa Kompyuta

"Umefanya nini?!"

Nilipiga kelele hadi wauza vitambaa wa upande wa pili wakatoa vichwa.

Birame alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yangu. Kompyuta inayoendesha mashine ya kudarizi! Na kioo kilikuwa na sura ambayo sijawahi kuiona... rangi mpya, vialama vyote vimehamia katikati. Programu ya darizi haifunguki. Mashine imekaa tu, haisikii lolote.

"Yacine, nimefika nimeikuta hivi."

"Umeikuta hivi? Ilijigeuza yenyewe?"

"Dada, wallahi..."

"Usiniite dada!"

Jamani, ngoja niwaeleze mnielewe. Mimi ni fundi nguo hapa Dakar, soko la vitambaa la HLM. Siku hiyo ni Jumatatu. Tabaski, Idi yetu ya kuchinja, ni Alhamisi. Nguo ishirini na sita za bazini, kile kitambaa kizito kinachong'aa, zimekatwa, zinasubiri darizi ndipo zishonwe. Hapa kwetu mtu anaweza kukusamehe mengi, lakini ukimkosesha nguo ya Tabaski mtazikana hamsalimiani.

Na Birame nimefanya naye kazi miaka tisa. Tangu mwaka jana alikuwa ananiimbia wimbo mmoja.

"Yacine, mfumo wa hii kompyuta umeshaachwa. Walioutengeneza hawauzibi tena matundu. Siku virusi vikiingia tutalia. Tutafute mtu anayejua aje aiangalie."

Mimi jibu langu lilikuwa lilelile.

"Inawaka? Inadarizi? Basi niache."

Sasa asubuhi ile nilipomwona pale kwenye kiti, kichwani nikamaliza kesi. Amechoka kunibembeleza, kabadilisha kwa siri. Tena wiki ileile fundi mpinzani wangu alikuwa amemwita akafanye kazi kwake!

"Umenihujumu, Birame. Chukua mkasi wako utoke."

Wateja wamejaa kwenye benchi, wanasikia yote.

Akachukua mkasi. Futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Miaka tisa, Yacine," akasema, akaondoka.

Nikajiona mwanamke wa shoka kweli kweli. Mjinga mimi!

Nikampigia fundi kompyuta wa kwanza.

"Nunua nyingine."

Wa pili.

"Lete nifute kila kitu niweke upya."

"Na michoro yangu ya darizi?"

"Michoro gani?"

Nikakata simu. Wa tatu akaniambia nizime niwashe. Nilizima nikawasha mara kumi na moja! Nilitamani niibebe niitupe barabarani.

Hapo ndipo akaingia Hajati Nabou. Huyu mama ana nguo saba kwangu, yake na za wanawe.

"Yacine, nguo zangu."

"Mama, kompyuta imeharibika, yaani..."

"Ehee! Mwaka juzi umeme. Mwaka jana mama mkwe kaumwa. Mwaka huu kompyuta!"

"Mama, mwaka huu ni kweli!"

"Kwa hiyo mwaka jana ulinidanganya?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nilikosa pa kuuweka uso. Ukweli ni kwamba mafundi wote wa mji huu tukikaribia Tabaski tunasema uongo, na kila mtu anajua.

Mchana nikamtafuta Astou, binti anayetengeneza kompyuta za duka la kuchapisha pale kona. Akakaa, akabonyeza bonyeza, dakika kumi tu.

"Dada, mfumo umepandishwa kuwa mpya. Programu ya mashine yako haielewani nao."

"Hilo nalijua! Nataka unithibitishie aliyefanya, niwaonyeshe watu."

"Nani, siwezi kukuambia. Lini, naweza. Jumapili, saa nne asubuhi."

Jumapili...

Wasomaji wangu, nikaikumbuka siku nzima.

Jumapili Birame alikuwa mji wa Thiès, kwenye sherehe ya kumpa jina mtoto wa dada yake. Zawadi ya mtoto aliichukua dukani kwangu! Dukani nilikuwa peke yangu. Ujumbe ukatokea kwenye kioo, ukaziba mchoro wangu. Mimi na hasira zangu nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma hata neno moja. Kisha nikatoka kutafuta uzi wa dhahabu. Niliporudi kioo cheusi, nikadhani umeme, nikafunga duka.

"Dada, mbona unatoka jasho?"

"Astou... inarudi ilivyokuwa?"

"Una bahati, siku kumi hazijapita. Zikipita, hakuna kurudi. Ngoja kwanza ninakili michoro yako yote."

Akanakili. Akarudisha mfumo wa zamani. Programu ikafunguka! Kisha akachomoa waya wa intaneti, akanipa mkononi.

"Hii sasa ni ya kudarizi tu. Isiguse intaneti tena. Mambo ya pesa na barua fanyia kwenye nyingine yenye mfumo mpya. Na kabla hujahamisha chochote, muulize aliyekuuzia mashine kama ana programu inayokubali huo mfumo mpya. Kabla, dada, siyo baada."

Mashine ikaanza kulia. Lakini peke yangu ningemaliza nguo ngapi? Kumi, nikijiua sana.

Nikampigia Birame.

"Birame, unajua hizi kompyuta... yaani ule ujumbe ulikuja vibaya, halafu siku ile nilikuwa na..."

"Yacine."

"Naam."

"Mimi si mteja wako."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni mimi. Nilibonyeza mwenyewe. Nimekudhulumu mbele za watu."

"Basi waambie haohao watu."

Nikatoka hadi kwenye benchi, simu iko wazi mkononi.

"Sikilizeni! Birame hakuharibu chochote. Niliharibu mimi, nikamsingizia!"

Watu wakatazamana. Hajati Nabou akasimama taratibu.

"Subhanallah! Fundi kasema kweli kabla ya Tabaski. Andikeni tarehe!"

Kwenye simu nikasikia Birame anacheka, hadi anakohoa.

"Washa na cherehani yangu," akasema. "Nakuja."

Alhamisi nguo ishirini na nne zilikuwa zimetoka. Mbili hazikuwahi, yangu na ya Birame. Tulienda kuswali na za mwaka jana, na Hajati Nabou alituona, akatuzomea barabara nzima.

Ndugu zangu, ujumbe ukija kwenye kompyuta usome. Anayekusumbua kila siku kwa jambo hilohilo, msikilize angalau mara moja. Na kabla hujamwita mtu mhaini, angalia kwanza kidole chako kilikuwa wapi.