Nyumba ya Bati ya Karani

Chiriku hakuwa na baiskeli. Hakuwa na kitanda cha peke yake, wala begi la shule ambalo zipu yake inafunga mpaka mwisho. Hakuwa na subira. Na kilichomuuma zaidi, hakuwa na mnyama wa kumfuga. Maneno tu ndiyo hakupungukiwa nayo, na ndiyo maana baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimwita kwa jina la yule ndege mdogo asiyenyamaza.

Kwa hiyo jirani yao, Bibi Mshonaji, aliposafiri kwenda kumuuguza dada yake, Chiriku alijiona tajiri. Bibi alimwachia mbwa wake, Karani, na paka wake, Malkia. Karani alipewa jina hilo kwa sababu alikaa mlangoni akimkazia macho kila aingiaye, kana kwamba anaandika jina lake.

"Mjukuu wangu, nakuachia watu wangu hawa," Bibi alisema. "Kila Jumamosi uniandikie barua. Mimi na simu hatusikilizani."

"Usijali, Bibi. Watanenepa mpaka usiwajue!"

Kila asubuhi Chiriku alibadilisha maji ya wanyama, akafagia kibaraza, kisha akamchana Karani manyoya. Lakini msimu wa joto ulikuwa umepamba moto, na kwenye karakana ya baba, uani kwao, cheche ziliruka huku na huko. Chiriku akawaza: mbwa anahitaji nyumba ya kumkinga na jua na cheche.

Vipande vya bati vilijaa karakana. Chiriku akavipanga, bati juu na bati pande tatu, na baba akamchomelea pembe. Nyumba ikapakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye geti la mteja. Karani akaingia, mkia wake ukagonga ukuta: ngo, ngo, ngo. Malkia alinusa mlango, akageuka, akaenda kulala chini ya tenki la maji, penye sakafu yenye unyevu.

"Paka ana maringo huyu!" Chiriku alisema. "Kajengewa nyumba, anataka kupanga chini ya tenki."

Siku iliyofuata alimfunga Karani kwa mnyororo ndani ya nyumba ile, akaenda kuruka kamba na wenzake. Mchezo ulinoga. Aliporudi, jua lilikuwa la utosi. Alipofungua mlango wa uani, hakusikia ngo hata moja.

Karani alilala ubavu. Alihema kwa kasi, mate mazito yakimning'inia, fizi nyekundu kama pilipili. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Chiriku alishika bati ili aingie, akaurudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto kama kikaango.

"Baba! Baba, Karani anakufa!"

Baba alitupa kinyago chake cha kuchomelea, akambeba mbwa mpaka chini ya tenki. Malkia akasogea kidogo kumpisha. Chiriku akaja mbio na barafu, huku baba akimpigia simu daktari wa mifugo na kumweleza kila kitu.

"Acheni barafu!" sauti ya daktari ilisikika. "Maji ya kawaida. Mlowesheni tumbo, makwapa na nyayo, mumpepee. Msimnyweshe kwa nguvu. Halafu mleteni upesi!"

Walimsukuma kwa mkokoteni, Chiriku akimpepea kwa daftari njia nzima. Daktari, mama mmoja mwenye mikono mikubwa na mipole, alimtundikia Karani dripu. Alipoona anapumua vizuri, akauliza, "Na nani alimjengea tanuri?"

Chiriku akajifunika uso kwa lile daftari.

"Usilie, mwanangu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Sasa akihema hewa ya moto, atapoa vipi? Bati huzuia jua, halizuii joto. Mpe kivuli penye upepo, na maji tele."

Jumamosi, Chiriku aliketi na kalamu. Akaandika: *Bibi, Karani hajambo, anakula vizuri.*

Baba akasoma kwa juu ya bega lake. "Ni kweli?"

"Leo hajambo, Baba." Akainamisha kichwa. "Nikimwambia yote, Bibi hataniachia tena."

Baba akavuta kigoda. "Nikichomelea geti vibaya, nikapaka rangi juu, litaonekana zima. Siku ya upepo ndipo litakaposema. Maneno yako ni rangi tu, mwanangu. Tena bati lilikuwa langu na pembe nilichomelea mimi. Kosa hili tugawane. Lakini Bibi lazima alijue, maana akirudi, joto bado litakuwepo."

Chiriku akachukua karatasi nyingine. Aliandika habari za nyumba ya bati, za mnyororo, za kamba na za mkokoteni. Aliandika kwamba sasa Karani analala chini ya tenki pamoja na Malkia, na kwamba humtembeza alfajiri na jioni, baada ya kugusa barabara kwa mgongo wa mkono kuona kama haitamuunguza nyayo. Mwisho akaandika: *Ukitaka mtu mwingine awatunze, nitaelewa. Ila nawapenda.*

Akailamba bahasha na kuifunga. Baba akaikandamiza kwa kidole gumba, kikaacha alama nyeusi.

Jua lilipokwisha kulegea, walikwenda watatu hadi kwenye sanduku la posta la kona, Karani akitembea polepole katikati yao. Chiriku aliishikilia barua kidogo mdomoni mwa sanduku, kisha akaiachia. Mkia wa Karani ukagonga sanduku: ngo, ngo.